Manyoya ya Miguuni

Mwalimu Mu, mtaalamu wa jumba la makumbusho, hakuligusa lile jiwe. Alisimama mikono nyuma, akaliangalia likiwa bado juu ya blanketi lililosafiri nalo kwenye basi, kisha akamwangalia Gai Xiuzhi, mama wa miaka hamsini na minane aliyelipakata saa mbili nzima kutoka kijijini kwao, magharibi mwa Liaoning.

“Manyoya miguuni, mama Gai,” alisema. “Safari hii umeyatoa kwa ndege gani?”

“Hayajatoka kwa ndege. Ni yake mwenyewe.”

“Na ule mkia wa mwaka ule ulikuwa wake mwenyewe pia.”

Miaka saba nyuma Xiuzhi aliwahi kuleta kwenye jumba hilo la makumbusho ndege wa kale aliyegandamana na jiwe, aliyekosa mkia, naye akiwa amemwekea mkia wa mjusi aliouokota kwenye jiwe jingine. Hakukusudia kumdanganya mtu. Kijijini kwao, mavuno yakiisha, watu huenda vilimani kuchimba visukuku, mabaki ya viumbe vya kale, kwenye mawe ya tabaka, na mawe hayo yana tabia mbaya ya kumeguka ovyo. Sasa mtu mwenye adabu zake atampaje mwenzake kitu chenye pengo? Unaunganisha kwa gundi, unajazia kinachokosekana, unapaka unga wa jiwe kwenye maungio, ndipo unakitoa. Xiuzhi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba Mu alimpeleka ndege yule hadi kwenye mkutano wa wataalamu Beijing, akamsifia nusu saa nzima, kisha mzee mmoja akasimama na kuonyesha kwa picha ya eksirei kwamba mkia na mwili ni mawe mawili tofauti. Ukumbi mzima ulicheka. Tangu siku hiyo kitu chochote kilichopita mikononi mwa mama Gai kilipokelewa kwa jicho la shaka.

Mnyama wa leo alikuwa dinosauri mdogo, hamzidi kunguru, mwenye meno na mkia mrefu wa mifupa. Mikononi alikuwa na manyoya marefu ya mbawa. Ajabu ni kwamba miguuni nako alikuwa nayo, marefu vilevile, yamepangika vizuri, meusi juu ya jiwe la kijivu.

“Unajua wataalamu wanagombania nini?” Mu aliuliza. “Wengine wanasema kuruka kulianza chini, mnyama akikimbia na kupigapiga mikono. Wengine wanasema kulianza mtini, akijiachia na kuteleza hewani. Ukiniletea mwenye manyoya marefu hadi kwenye nyayo, umeingia katikati ya ugomvi huo.”

“Mimi nina kuku wa namna hiyo, manyoya hadi vidoleni. Hawakimbii wale, wanajikwaa. Huyu wako alikuwa wa mtini.”

Mu alikaribia kutabasamu, akajizuia. “Jiwe hili lilipasuka kati, na alama za mnyama ziko pande zote mbili. Niletee upande wa pili. Manyoya yakilingana pande zote mbili, nitaamini. Yasipolingana, hili linaingia chumba cha bandia.”

Chumba hicho Xiuzhi alikuwa akikijua. Kila kilichoingia humo kilipigwa msalaba wa rangi nyekundu isiyotoka, na yule ndege wake alikuwemo, msalaba shingoni. Jina la Xiuzhi lilikuwa limeandikwa chini. Aliliacha jiwe kwa Mu, akarudi nyumbani amenuna, kwa sababu safari hii alikuwa amesema kweli na ukweli wenyewe haukumsaidia kitu.

Upande wa pili ulikuwa kwa wifi yake, Luan Shuqin, dada wa marehemu mumewe. Ndiyo desturi ya vilima vile: jiwe likifunguka mbele ya watu wawili, kila mmoja huondoka na upande mmoja, hata wawe mtu na mkewe. Hilo walilifungua pamoja mwezi wa kumi, Xiuzhi akiwa na patasi na Shuqin akiwa na nyundo.

“Wifi, lile jiwe lako liko wapi?” aliuliza hata kabla ya kukaa.

“Liko kazini.”

“Kazini wapi?”

“Kwenye mtungi. Linakandamiza kabichi ya kuchachusha.”

Xiuzhi alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha matofali. “Uso wake umeuelekeza wapi?”

“Chini, kwenye maji. Ndio upande laini, haukwaruzi majani. Kwani nimefanya nini? Jiwe zuri ulichukua wewe, mimi ukaniachia sura mbaya.”

Miezi minne kwenye maji ya chumvi na uchachu. Walilitoa wote wawili, mikono imekufa ganzi kwa baridi, wakalisuuza na kulipeleka dirishani. Mifupa ilikuwa imeliwa yote. Palipokuwa na fuvu palibaki kishimo, palipokuwa na uti wa mgongo palibaki mfereji. Lakini manyoya yalikuwepo, meusi kama masizi, kila moja mahali pake, mikononi na miguuni. Uchachu haukuyaweza.

“Kumbe tangu mwaka mpya tunakula supu ya dinosauri,” alisema Shuqin. “Ndiyo maana goti langu limepona.”

Xiuzhi hakucheka. Alikuwa anatazama mahali pa mguu wa kushoto, chini kwenye vidole, manyoya yanapoishia. Kila mfupa ulioliwa ulikuwa umeacha alama yake, ila pale jiwe lilikuwa limemeguka tangu siku ile ya patasi, upande wake na upande wa wifi pia. Hapakuwa na mguu. Ule uliokuwa mezani kwa Mwalimu Mu alikuwa ameuweka yeye, kutoka kwenye kipande kingine, jioni ileile ya mwezi wa kumi, bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

“Nimeweka mguu,” alisema.

“Uliweka, sasa nini? Huku mifupa yote imekwisha, nani atalinganisha? Huko kumeguka tutasema ni mtungi.”

“Akijua je?”

“Hawezi kujua. Na ukimwambia, wifi, atakupiga ule msalaba wewe mwenyewe kwenye paji la uso. Kaa kimya, mdomo haukuumi.”

Ushauri huo ulikuwa na akili, na Xiuzhi aliuchukua. Alipanda basi la asubuhi akiwa ameamua kunyamaza.

Safari hii Mu alilishika jiwe. Alilaza pande mbili ubavu kwa ubavu, akainama na lenzi, akawa anahama unyoya mmoja hadi mwingine, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Chai aliyomiminiwa Xiuzhi ilipoa. Ilipita saa nzima. Mu alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

“Yanalingana,” alisema. “Yote. Mama Gai, naomba radhi kwa maneno yangu ya juzi.”

“Yameisha hayo.”

“Bandia haiwezi kulingana namna hii. Ni mnyama mmoja, na manyoya ni yake.” Alivuta daftari, akaanza kuandika, na kalamu ikawa inakimbia na furaha yake. “Na huu mguu wa kushoto, umeuona ukucha wake ulivyojikunja? Huu ni wa kukwea. Nitauweka mbele kabisa. Wale wa mbio za chini watanijibu nini?”

Xiuzhi alimwona tena akiwa amesimama mbele ya watu, Beijing, anaonyesha kwa kidole. Radhi ile alikuwa ameingojea miaka saba na ilikuwa haijamaliza hata dakika tano.

“Mwalimu, huo mguu ni wangu.”

“Ni wako vipi?”

“Niliuweka mimi. Pale palikuwa na pengo.”

Kalamu ilisimama. Uso wa Mu ulirudi kuwa ule wa juzi. Xiuzhi alichukua sindano ya chuma mezani bila kuomba ruhusa, akaiingiza kwenye ungio ambalo yeye peke yake alijua lilipo, akalifuata taratibu mpaka kile kipande kikaachia. Alikiweka juu ya blanketi. Jiwe likabaki na shimo baya, jeupe, na gundi iliyokauka pembeni.

“Kuna kingine?” Mu aliuliza.

“Hakuna kingine.”

Lenzi ilikuwa mkononi mwa Mu. Jiwe lilikuwa na maungio yasiyopungua kumi, na siku ilikuwa bado ndefu. Mu aliliangalia lile shimo, akamwangalia yule mama aliyelitoboa. Kisha alifungua droo, akaiweka lenzi ndani, akaifunga.

Aliandika: mguu wa kushoto haupo. Chini yake akaandika: mengine yote ni ya asili, kwa maelezo ya mchimbaji, Gai Xiuzhi.