Gari la Umeme la Mpangaji

"Mama Ephraimu, hivi gari la mpangaji wako linakula umeme wa nani?"

Jirani yangu Sia aliniuliza hivyo juu ya ukuta huku akianika kanga zake. Nikamjibu kwamba Lomayani hununua umeme mwenyewe, na tangu alete lile gari, LUKU yetu haijatuzimikia hata mara moja.

"Haya, mimi nauliza tu," akasema, anacheka. "Maana mwanao naye ana gari, ila lile linakula dizeli na usingizi wetu."

Mwanangu Ephraimu alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasikia. Akatugeuzia mgongo. Lakini mama humjua mtoto hata akiwa amempa mgongo.

Wote wawili ni mafundi bomba, na wote walifundishwa kazi na marehemu mume wangu. Ephraimu nimemzaa. Lomayani alitoka kwao upande wa magharibi wa mlima akiwa kijana, akakaa nasi hapa Kimandolu, na mpaka leo amepanga chumba cha uani. Walikuwa wakila sahani moja. Gari likaja, sahani zikawa mbili.

Na kweli lilikuwa gari la kutia wivu, Mungu anisamehe. Asubuhi linatoka kama paka, husikii ila mawe yakilia chini ya tairi. Halijui kubadilishwa oili. Akifika kwenye kazi akakuta umeme umekatika, anachomeka mashine ya kuunganishia mabomba kwenye gari lenyewe, anaendelea, wenzake wamekaa wanasubiri. Haisi ya Ephraimu ikiwashwa inakohoa mpaka kuku wanahama, na haipiti wiki bila kulala gereji. Nikipiga magoti kumwombea mwanangu, najikuta nimeliangalia lile gari kwanza ndipo nifumbe macho.

"Kaka, pasi yako imeshapata moto?" Ephraimu alizoea kumtania kuhusu gari lile.

"Imepata. Lete shati nikunyooshee."

Lomayani alicheka. Ephraimu alicheka kwa meno tu.

Kasoro zake nazo niliziona. Likibeba mabomba ya chuma kupanda mlimani, chaji inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Njia ya tope linaburuza tumbo. Na likiugua, mafundi wa gereji wanafungua boneti, wanachungulia, wanafunga, wanasema pole.

Ndipo ikaja habari ya Evelyn, mama wa Kichaga mwenye nyumba za wageni huko Momela. Alitaka fundi mmoja wa kushika kazi zake zote za maji. Akasema Jumapili mchana atapitia kwangu, mafundi wote wawili wamfuate na magari yao mpaka juu, akaone mwenyewe.

"Mama, nikiikosa hii," Ephraimu aliniambia, "gari nauza, narudi Akheri kulima migomba."

Jumamosi tukapata msiba hukohuko Akheri. Kwetu kwenye jumuiya, mwenye gari hasubiri kuombwa: turubai, viti, masufuria na akina mama, vyote ni mzigo wake. Ephraimu akasema Haisi ina shida ya breki. Lomayani akabeba peke yake, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Alipofika nyumbani chaji ilikuwa imekwisha, na mtaa mzima hakuna umeme. Uliporudi alfajiri akachomeka, tukaenda kanisani. Ephraimu alibaki, tumbo linamuuma.

Tuliporudi, redio ya Sia ilikuwa inaimba, lakini friji langu liko kimya. Nikaenda nyuma ya mlango wa jiko. Boksi la swichi nalifunga kwa ufunguo kwa sababu ya watoto wa wapangaji, na ufunguo nauficha kwenye kikombe kabatini. Tunaojua ni mimi na mwanangu. Boksi lilikuwa wazi, ufunguo unaning'inia, swichi kubwa imeshushwa. Nikaipandisha. Friji likaunguruma, na hapohapo honi ikapigwa getini.

"Shikamoo mama," Evelyn akaingia. "Vijana wako tayari?"

Lomayani alikuwa ameinama ndani ya gari lake. Akatoka uso umemshuka. "Dada Evelyn, chaji haijaingia ya kutosha. Kufika Momela sitafika."

"Si nilisema?" Ephraimu tumbo lilikuwa limepona. "Hilo ni gari la lami, la kupeleka keki harusini. Dada, twende zetu. Breki nimeshatengeneza."

Evelyn akaanza kugeuka. Mdomo wangu ulikuwa mzito. Mwanangu ni mmoja tu.

"Evelyn, subiri," nikasema. "Gari halina kosa. Umeme ulizimwa humu ndani tukiwa kanisani. Na mimi sikuzima."

Lomayani akaangalia chini.

"Sema jina basi, mama," Ephraimu akasema. "Si ndiye mtoto wako huyo? Tangu lije hilo gari, chai unammiminia yeye kwanza."

"Chai namimina kwa aliyeamka kwanza."

Evelyn akavuta pumzi. "Lomayani, niambie ukweli. Mvua zikianza, utapanda na mabomba ya chuma?"

"Sitapanda na kurudi bila kuchaji kwako. Na kwenye tope zito, sikudanganyi juu ya gari langu. Haliwezi."

"Basi sikilizeni. Kazi za kila siku ashike Lomayani, gari lake haliniamshii wageni. Mizigo mizito na siku za tope, Ephraimu na Haisi. Mnagawana."

Moyoni nikamshukuru Mungu.

"Pokea, mwanangu," nikamwambia Ephraimu.

"Niwe mchukuzi wa Lomayani?"

"Kaka," Lomayani akasema, "leo mimi ndiye sina njia. Nipakie kwenye Haisi, tukaione kazi wote."

Ephraimu hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Angezima yeye, ungemsema mbele ya watu?"

"Ningemsema."

Akaipita Haisi, akampita Evelyn, akafungua geti, akashika njia ya Akheri kwa miguu.