Ukuta wa Hondohondo

Katika milki ya Mfalme Tai, ndege hakuthubutu kuweka kijiti juu ya kijiti bila kibali, na vibali vilikuwa vya kila namna. Palikuwa na kibali cha awali, cha kukubaliwa wazo tu. Kibali kamili, cha kujenga. Na kibali cha kubadili matumizi. Kisha kilikuwapo kibali cha kuhalalisha, kwa aliyejenga kwanza akaomba baadaye. Hicho walikipata jamaa za Mfalme peke yao.

Hondohondo alikuwa na shida ya haraka. Kwa desturi ya ukoo wake, mke akikaribia kutaga huingia tunduni, mume akauziba mlango kwa tope na kubakiza upenyo wa kumlishia. Mkewe alikwisha kuingia. Mlango ulikuwa wazi, na Nyoka alikwisha kupita mara mbili.

"Mume wangu, mayai hayasubiri muhuri," mkewe alimwambia.

"Leo narudi na kibali, mama watoto," akajibu, ingawa moyoni hakuamini.

Baraza la Ujenzi lilikutana ndani ya shina la mkuyu lenye uwazi. Kunguru, Msimamizi wa Vibali, alilipekua ombi kwa mara ya tisa.

"Umeomba kibali kamili, lakini tundu hili lilikuwa la Kigogota. Anza na kubadili matumizi."

"Mheshimiwa, lilikuwa nyumba na litabaki nyumba."

"Kigogota hakuwa na ukuta. Rudi baada ya masika."

"Na roshani mpya ya Mfalme, iliyoziba chemchemi yetu, ina kibali gani?"

Wajumbe wakakohoa.

"Ile," Kunguru alisema kwa upole, "inahalalishwa."

Hondohondo alitoka amefura kwa hasira. Nje tope lilikuwa tele. Wajumbe walipofikia ajenda ya chai, mlango wao ulikuwa umezibwa, umebaki upenyo wa kupitisha mdomo mmoja.

"Bomoa!" Kunguru alifoka.

"Kubomoa kunataka kibali, Mheshimiwa."

"Nakuandikia sasa hivi!"

"Sheria yenu inataka mkaguzi auone ukuta kwa nje kwanza. Nanyi wakaguzi wote mmo humo."

Hondohondo akaruka hadi kwake, akamzibia mkewe mlango bila kumwomba mtu, akapumua kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Kufikia alasiri, wajumbe wakitafuta wa kuwafungulia, vibali vya kila namna vilikuwa vikimwagika kutoka kwenye upenyo wa mkuyu, vyote vimepigwa muhuri. Ndege waliviokota, wakatandikia viota. Mfalme Tai alipokuja kuamuru ukuta uvunjwe, alikuta milki nzima inajenga, na hapakuwa na aliyeinua kichwa kumuuliza anataka nini.