Kamba wa Fundi Bomba

Fundi bomba hakuzoea kukaa. Miaka yote alikuwa mtu wa kutoka asubuhi na begi la spana na kurudi jioni akinuka gundi ya mabomba. Kisha ngazi ikateleza akiwa kwa mteja, mguu ukavunjika, na sasa alikuwa kwenye kochi la sebuleni, plasta toka vidoleni hadi gotini, akisikiliza cherehani ya mkewe chumba cha pili na kupokea simu za wateja. "Basi pole fundi, ngoja tutafute mwingine." Hilo neno mwingine lilimkata maini.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipokuja na tangi la kioo kwapani na ndoo yenye kifuniko. Ndani ya ndoo alikuwemo kamba wa mtoni, bluu iliyokolea, urefu wa kidole, magando yote mawili juu kama bondia.

"Huyu atakutoa upweke, shemeji," alisema. "Na wewe ni mtu wa maji. Kumtengenezea makao kwako ni kazi ya kitoto."

Kazi ya kitoto! Kuinama hawezi, ndoo kubeba hawezi, kila kitu ni kuita. Maji aliyaacha yalale kwenye ndoo ili dawa ya maji ya bomba iishe nguvu, hilo alilijua. Kokoto za kutandika tangini alimwachia mkewe azioshe, naye alikuwa na mapazia ya watu yanayomsubiri. Zilipotiwa ndani, tangi zima likageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Hizi umeziosha au umezionyesha maji tu?"

"Nimeziosha. Ukitaka zing'ae, nenda bombani mwenyewe."

Wote wawili wakautazama ule mguu. Mke akarudi kwenye cherehani yake, na fundi akabaki anatafuna hasira zake.

Maji yalipotulia, kamba akaingizwa, pampu ndogo ya hewa ikaanza kupiga mapovu. Kesho yake mke akapiga yowe. Kamba alikuwa amepanda kwa mpira wa pampu, akatoka, na sasa alikuwa anatamba juu ya kapu la mapazia.

"Mkamate mgongoni, nyuma ya magando!" fundi alipaza sauti kutoka kochini.

"Njoo umkamate wewe!"

Mwishowe mke alimtupia kitambaa, akambeba kama kaa la moto na kumrudisha. Juu ya tangi wakaweka kipande cha ubao, na juu ya ubao spana kubwa kuliko zote. Angalau ilipata kazi.

Kamba alihitaji pa kujificha. Hapo fundi alifurahi kwa mara ya kwanza, maana alikuwa na kipande cha bomba la shaba kilichobaki kwenye kazi moja ya hoteli. Alikikata, akakipiga msasa, akakisugua mpaka kikamwonyesha sura yake. Kamba aliingia humo mara moja. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Bado mimi ni fundi." Siku ile hata chakula alikila kwa hamu.

Siku chache baadaye, kamba alikuwa amelala ubavu nje ya bomba, miguu ikichezacheza kivivu. Fundi akampigia simu shemeji.

"Humo ndani kuna shaba?" shemeji aliuliza.

"Si ndiyo nyumba yake!"

"Toa, shemeji! Toa sasa hivi! Shaba kwa kamba ni sumu."

Fundi alihisi masikio yanawaka. Bomba lake! Kazi pekee aliyoifanya kwa mikono yake tangu aanguke! Akamfokea mkewe: kwa nini anashona tu, kwa nini haoni, kwa nini kila kitu mpaka aitwe? Mke aliweka mkasi chini taratibu, akatoka nje.

Basi akajaribu peke yake. Mkongojo kwapani, aliruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye meza ya tangi, akazamisha mkono, akalitoa bomba na kulitupa. Ndoo ya maji yaliyolala ilikuwa karibu. Alimchota kamba kwa kikombe, akamtia humo, kisha mkongojo ukateleza, akadaka ukingo wa tangi likainama, naye akakaa chini kwa kishindo, nusu ya maji ya tangi mapajani mwake.

Mke aliingia mbio. Alimkuta ameloa chapachapa, amefumba macho.

"Mguu?"

"Mguu ni mzima." Akafumbua macho. "Nisamehe. Sikuwa nagombana na wewe."

"Najua uliyekuwa unagombana naye," mke alisema. "Lakini mimi ndiye mwenye masikio."

Alimwinua, akamkalisha, akamwaga maji yote yaliyobaki tangini. Kokoto alizisuuza upya, safari hii mpaka maji yakatoka meupe. Kwa nyumba mpya, fundi alikata kona ya bomba la plastiki, la kijivu, baya kulitazama.

Kamba alinusurika. Siku ya tatu alikula kipande cha karoti, tena mkononi mwa mke, si kwa fundi. Kona ya plastiki hakuitazama kabisa. Alijichimbia shimo chini ya pampu, akazisukumia kokoto zote upande mmoja.

"Mpangaji gani huyu!" fundi alilalamika, akinyoosha mkono kuzisawazisha kwa mara ya nne.

"Mwache," mke alisema kutoka chumba cha pili. "Kwanza njoo unishikie hili pazia. Mikono si unayo?"

Fundi alinung'unika, akautafuta mkongojo, akaenda.