Nyumba ya Jirani na Kambi

Mwaka 1971 mkwe wangu Hamed alikuwa Ujerumani Magharibi akisomea mitambo ya meli. Alipata nyumba mbili za kupanga, akaniandikia kuniuliza achukue ipi kabla mwanangu Miza hajamfuata na mtoto wao wa miezi minane. Moja ilikuwa jirani na kambi ya askari wa Kimarekani. Nikamjibu achukue hiyo, maana hapa Bagamoyo nyumba iliyo karibu na polisi haipotezi hata kuku.

Tiketi ya Miza ilikuwa tayari, nasi tunakunja sweta za mtoto sandukuni, ndipo barua nyingine ya Hamed ikaja. Miza akaisoma kwa sauti: "Mama, wale askari hawatulindi sisi. Wanalinda mabomu ya atomiki ya kwao. Majirani wameandamana. Wengine wameishi hapa miaka kumi bila kujua."

Nikakaa chini na sweta mkononi.

"Bomu la Mmarekani, kwenye ardhi ya Mjerumani?" akasema jirani yetu Mwanamvua. "Mgeni gani huyo, shoga yangu, anayeweka moto uani kwa mwenyeji?"

"Na mimi ndiye niliyemchagulia!" nikasema. "Miza, mwandikie ahame. Huendi mpaka ahame."

Miza akachukua kalamu, akaandika salamu zote, kisha akasita.

"Ahamie umbali gani, mama?"

Nikamtazama mjukuu wangu akitafuna kona ya bahasha. Nikaanza kuzitoa sweta sandukuni, moja moja. Tiketi ile haikutumika.