Anayekaa Katikati

Bibi yangu alikuwa na mazoea ya kuongea na kuku. Hakuwaita tu waje kula. Alikaa ngazini kwake akawasimulia habari za mto, za mvua, za jirani aliyejenga jiko la kututia sote moshi machoni, na yote kwa lugha yetu, maana kuku hawakuwahi kumjibu kwa Kimalei. Sisi wajukuu ndio tuliomjibu hivyo. Tulipoanza shule wazazi walichelea tusije tukachekwa, wakatusemesha Kimalei tu, na lugha yetu tukaisikia ikipita juu ya vichwa vyetu kama shauri la watu wazima. Tuliielewa. Kuisema hatukuisema.

Ndipo akaja Puan Hasnita, yaani Bi Hasnita kwa Kimalei, mwalimu wa chuo kikuu cha mbali, aliyekuwa akizunguka vijiji vya msituni kupima uhai wa lugha. Tukiwa mbele ya nyumba ya bibi, aliniuliza maswali mengi. Watoto wanacheza kwa lugha gani? Watu wakigombana, wanatukanana kwa ipi? Mwishowe akauliza ni wangapi waliobaki wanaoiongea bila kukwama.

"Wawili," nikamwambia. "Bibi, na baba."

Uso ukamng'aa. "Na nyumba zao zinatazamana! Basi bado ipo hai, Misah. Wakae hapa waongee, mimi nirekodi."

Kabla sijajibu alikwisha mwita baba, aliyekuwa uani kwake akipasua henzerani, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka aliokalia bibi. Bibi akajitanda saruni usoni, akainuka, akaingia ndani. Baba akaweka kisu chini, akashika njia ya mtoni bila kutazama nyuma. Tukabaki mimi, mgeni na mkeka mtupu.

"Nimekosa nini?" akauliza, sauti imemshuka.

"Baba ni mkwe wake, Puan. Alimwoa binti yake. Mkwe na mavyaa hawasemezani kwetu, hata jina hawatajani. Radi hukasirika."

"Miaka yote hii hawajawahi kuongea?"

"Wameongea sana. Mama alikaa katikati. Huyu anamwambia mama, mama anampelekea yule. Kila jioni walikuwa hapa, mpaka majirani wanalalamika kwa kelele za vicheko. Sasa mama hayupo, tangu mwaka juzi."

Puan Hasnita aliandika kitu daftarini. Hakuwa mtu mbaya. "Basi kwa kipimo chetu," akasema kwa upole, "hii ni lugha inayokumbukwa. Haisemwi tena."

Neno lile lilinichoma. Nilidhani namlilia mama peke yangu, kumbe watu wawili walikuwa wamefiwa mara mbili. Bibi alikuwa na maneno tele na hana wa kumpa. Baba alikuwa akirudi kutoka msituni na habari zake, akalala nazo. Nilimtamani mama siku ile kuliko hata siku tuliyomzika. Nilitamani nisikie tena makelele yale, niliyokuwa nikiyazibia masikio nipate usingizi.

"Nitakaa mimi," nikasema.

Haikuwa rahisi kuwarudisha. Alasiri bibi alikubali kuketi juu ya ngazi, saruni usoni, mgongo kaugeuza; baba akaketi chini kwenye gogo, naye mgongo kaugeuza. Mimi nikawa katikati. Baba ndiye aliyeanza, kwa lugha yetu: "Mwambie bibi yako mto umeshuka, samaki wa kwenye mawe wanaonekana."

Nikampelekea bibi kwa Kimalei. Akaendelea kutazama kuku wake.

"Bibi, hukusikia?"

"Masikio ninayo," akajibu. "Lakini sijaletewa kitu. Nimeagiza maji ya mto, wewe unaniletea ya chupa."

Basi nikajaribu. Ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilipomaliza, baba aliangua kicheko. "Ewe mwana! Umemwambia samaki ndio wanaomwona yeye!"

Mabega ya bibi yalikuwa yakitikisika. "Mwambie mkwe wangu," akasema, "kama samaki wana macho makali hivyo, ndiyo maana anarudi mikono mitupu. Wanamwona kabla hajafika."

Nikapeleka. Nikaletewa. Nikarudisha. Walinisahihisha kwa zamu, wakanicheka kwa pamoja, wakamsahau Puan Hasnita pamoja na mashine yake. Jasho lilinitoka. Kisha bibi akapunguza sauti.

"Mwulize, mlango wa upande wa mto, bado anauacha wazi?"

Baba akajibu polepole. "Mwambie bado. Mwenye nyumba alipenda upepo wa huko."

Jina la marehemu halitajwi kwetu, na hakuna aliyelitaja. Nililibeba jibu lile hatua chache tu za ngazi, na sikuwahi kubeba mzigo mzito kama huo. Nililitoa likiwa zima, kila neno mahali pake. Bibi alijifuta macho kwa saruni. Nami nililia, nikijua sasa mama alikuwa akifanya kazi gani jioni zile zote nilizodhani amepumzika.

Jua lilipofika juu ya mianzi ya ng'ambo, bibi akauliza jambo jingine: "Kesho utakaa tena?"

Nikamgeukia baba. "Bibi anauliza, kesho utakaa tena?"

Baba hakutikisika kwenye gogo lake. "Hilo si langu, mwanangu," akasema kwa lugha yetu. "Unaulizwa wewe."

Nikageuka. Bibi alikuwa ameiteremsha saruni kutoka usoni, ananitazama. Tangu niache ziwa hakuna aliyeniuliza kitu kwa lugha ile akangoja nijibu. Jibu nilikuwa nalijua. Ni ndiyo ya kwetu, neno moja fupi ambalo nililisikia utoto wangu wote likitoka vinywani mwa wengine. Puan Hasnita alikuwa ameacha kuandika. Hakuna aliyenisaidia. Nikafungua kinywa.