Karanga kwa Sonara

Ukitaka pete ya uchumba, mwenzangu, utamtazama sonara kitu gani kwanza: mikono yake, mizani yake, au mdomo wake? Wengi watasema mikono. Nana Dufie, bibi wa mtaa wa Bantama mjini Kumasi, alikuwa akisema mdomo, na hakumweleza mtu sababu mpaka siku alipompata aliyekuwa akimtafuta.

Mjukuu wake, Abena Pinaman, ndiye aliyekuwa akichumbiwa. Mchumba alikuwa Kwaku Dapaah, fundi wa majokofu, kijana mrefu anayecheka kabla hajasema. Watu wa kwao walishakuja kubisha hodi na chupa zao za pombe, kama inavyotakiwa, wakajibiwa kwamba mlango uko wazi. Kilichobaki ni siku yenyewe ya posa, na pete. Kwaku, kwa adabu yake, alimwomba Abena waende pamoja kumtafuta sonara, maana kidole ni chake.

"Na mimi nakuja," Nana akasema huku akitafuta viatu vyake. "Magoti yangu yanataka mazoezi."

Abena alikuwa na lake moyoni. Kwenye pindo la kitenge chake alikuwa amefunga karanga moja na ganda lake, ile ndogo ya punje moja, yenye kiuno chembamba upande mmoja. Ilitoka katika kikapu cha mwisho cha marehemu mama yake, ambaye maisha yake yote alichemsha karanga na kuziuza pale kona ya Bantama. Ni karanga hizo zilizomleta Kwaku. Kila jioni alikuwa akipita na kununua, na baada ya muda mrefu ikajulikana kwamba hata hazili, anawagawia mbuzi wa jirani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mbuzi wa mtaa huu," alisema, "wananenepa kwa mapenzi ya mtu."

Tena alipokuwa mdogo, siku ya sikukuu kwenye uwanja wa mfalme, Abena alimwona mbeba upanga mmoja ana karanga ya dhahabu juu ya kofia, na kila mkunjo wa ganda ukionekana. Alimuuliza mama ni nani aliyeichonga. "Haikuchongwa, imesubiwa," mama akamjibu. "Karanga ya kweli iliungua ndani ya udongo, dhahabu ikakaa mahali pake." Tangu siku ile Abena alijua pete yake itakuwa ya namna gani.

Lakini siku ya kubisha hodi, mama mkubwa wa Kwaku alitoa utani mbele ya watu: "Sisi tumekuja kutafuta ua. Hatukuja kununua karanga." Watu wakacheka. Abena naye akacheka, asionekane mwenye kinyongo. Angevaaje kidoleni kitu walichokicheka? Akaamua kunyamaza, apokee atakachopewa. Na bado asubuhi ile aliifunga karanga kwenye pindo, mwenyewe hajui kwa nini.

Kwaku naye alikuwa na mzigo wake. Alitoa leso mfukoni, akaifungua taratibu. Ndani yake mlikuwa na pete nene ya kizamani, nyekundu kidogo kama mafuta ya mawese. "Mjomba aliniachia mimi," akasema, meno yote nje. "Tutaiyeyusha, Abena apate mpya."

Nana aliitazama, akaisifu, akaigusa kwa ncha ya kidole. Kisha neno alilotaka kulisema akalimeza.

Duka la kwanza lilikuwa mtaa wa Adum, lenye vioo kila upande na ubaridi wa mashine. Kwaku aliisifu mashine kabla ya pete. Muuzaji, kijana anayenukia marashi, aliipokea pete ya mjomba, akaiweka kwenye mizani, akavuta trei ya pete zinazowaka kama macho ya paka. "Hii mnaniachia, mnachukua mojawapo ya hizi leo hii," akasema. "Zimetoka Dubai, mama."

Abena alijaribu moja, akajaribu nyingine. Zote zilimtosha, na hakuna iliyomwambia kitu.

"Zinang'aa," Nana akasema. "Kwa kweli zinang'aa. Twendeni."

Huko nje Kwaku akauliza, "Nana, zimekosa nini?"

"Pete hazina kosa, baba."

Sonara wa pili alikuwa karibu na soko la Kejetia, na huyu alikuwa fundi hasa. Mikono yake ilikuwa myembamba, yenye makovu ya moto, na nyundo yake ilidonoa kama kuku anayechagua mtama. Nana alisimama akamtazama kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kwa kumhusudu. Lakini fundi huyo alipoiona pete ya mjomba alisema, "Dhahabu safi sana," akanyoosha mkono kwenye koleo, na kikombe cha kuyeyushia kilikuwa tayari juu ya makaa. Nana akaokota mkoba wake.

"Mwanangu, Mungu aibariki mikono yako. Twendeni."

Kwaku alijifuta jasho. "Nana, kwa mwendo huu nitaoa nikiwa na mvi."

"Mvi si ugonjwa," Nana akamjibu, naye alikuwa mbele tayari.

Ndipo wakafika kwa Baba Boaten, au Agya Boaten kama alivyoitwa, katika kichochoro nyuma ya Bantama. Alikuwa pande la mtu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na alifanya kazi kando ya moto amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, lisilo na doa hata moja. "Karibuni kwa fundi bora wa Kumasi," akasema. "Sijisifu. Wanaosema hivyo ni wale waliotangulia kwa wengine, na ninyi kwa vumbi hilo naona mmetangulia."

Abena alishindwa kuyatoa macho yake pale kwenye meza. Palikuwa na nyuzi za nta zilizoviringishwa juu ya ubao mpaka zikawa kama unywele, na fundi alizizungusha kwa kisu cha mti, uzi kando ya uzi, bila pengo. Palikuwa na udongo uliosagwa pamoja na unga wa mkaa, laini kama uji wa mtoto, wa kupaka juu ya nta tabaka kwa tabaka. Na kwenye kitambaa cheusi zilikuwa kazi zilizokwisha: mbawakawa wa dhahabu mwenye miguu yake yote, kombe la konokono, mbegu ya mti yenye kidonda pale mdudu alipoitoboa.

Kwaku akafungua leso. Agya Boaten aliishika pete ya mjomba, akaigeuza, lakini kwenye mizani hakuiweka.

"Ya nani hii?"

"Yangu. Ameniachia mjomba."

"Kaka yake mama?"

"Ndiyo, kaka yake mama."

"Na yeye aliipata wapi?"

"Kwa mjomba wake."

Fundi akacheka cheko moja fupi. "Basi si yako, bwana harusi. Wewe ni kikapu, umeibeba tu. Hii ni mali ya ukoo wa mama yako. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama: huyu binti atazaa watoto wa ukoo wake yeye, siyo wa kwenu. Nikiiyeyusha leo, iko siku dada zako watakuja kuitafuta kidoleni mwake."

"Dada zangu hawana roho hiyo, Agya."

"Leo hawana. Na wewe hujafa bado."

Nana Dufie akavuta kigoda, akakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa tangu watoke nyumbani.

"Dada yangu Amponsaa," akaanza, akikunja kitenge magotini, "alivishwa pete kama hiyo. Siku mumewe alipozikwa, wakwe walikuja na sabuni na bakuli la maji. Wakamsugua kidole, taratibu, kwa adabu kabisa, mpaka ikatoka. Wala hawakuiba. Ilikuwa yao. Kosa lilikuwa la sonara ambaye hakuuliza."

Kwaku alikuwa ameinamisha kichwa. "Nana, mbona hukuniambia tangu asubuhi?"

"Mimi ni upande wa binti. Ningesema, kwenu wangesema bibi anachungulia mali ya wakwe. Neno hilo lilikuwa likimngoja mwenye kazi yake. Nilikuwa namtafuta huyo tu."

Kwaku akaifunga pete kwenye leso, akairudisha mfukoni kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani. Kisha akajicheka mwenyewe. "Basi nimebaki na vijisenti vya majokofu."

"Vya majokofu vinatosha pete nyembamba," Agya Boaten akasema. "Na nyembamba ya mwenyewe inaishinda nene ya kuazima. Haya, tuingie kwenye kazi. Naweza kuunda kwa nta umbo lolote mnalotaka. Au mniletee kitu chenyewe, kama huyu mbawakawa. Nampaka udongo, namkausha, namtia motoni. Yeye anaungua anakuwa majivu, nayo dhahabu inaingia mahali pake. Halafu udongo nauvunja. Ndiyo maana hamtaona wa pili wake mahali popote."

"Na ikiharibika?"

Wote wakamgeukia Abena.

Agya Boaten aliacha majigambo. Aliweka kisu chini kwanza. "Imewahi, binti. Mtu aliniletea kombe jingine la konokono, alilookota na mwanawe kabla mtoto hajafariki. Udongo ulikuwa na unyevu ndani, ukapasuka. Nilimfuata kwake nikamwambia ukweli, tukalia wawili. Tangu siku ile nakausha udongo mpaka wenyewe unachoka kusubiri. Sikuahidi kwamba moto ni ndugu yangu. Nakuahidi sitauharakisha."

Abena aliyasikia hayo, na kitu ndani yake kikakaa vizuri, kama chungu kinapopata mafiga yake. Mtu aliyeuliza dhahabu ni ya nani, na akasema aliwahi kukosea, huyo ndiye wa kumkabidhi kitu kisicho na cha pili.

"Sasa niambie," fundi akamwambia, "unataka nini kidoleni?"

"Waridi," Kwaku akadakia. "Mama mkubwa amesema waridi lina heshima."

"Mama mkubwa ana vidole vyake. Nimemuuliza huyu."

Moto ukavuma kidogo. Kwaku alimtazama mchumba wake, na safari hii hakucheka kwanza. "Abena," akasema polepole, "kwani si waridi?"

Abena akamtazama mbawakawa pale kwenye kitambaa cheusi, mdudu wa kukanyagwa, amekaa kama mfalme. Akalitazama kombe la konokono. Hakuna hata kimoja ambacho mtu angethubutu kukicheka. Nana alikuwa akiangalia mikono ya mjukuu wake, ambayo ilikuwa imeshuka kwenye pindo la kitenge. Fundo lilikuwa limekaza. Ilibidi alivute kwa meno. Akaiweka karanga juu ya ubao wa nta, mbele ya fundi, taratibu, kama mtu anayelaza kifaranga.

"Nataka karanga ya mama," akasema. "Hii hii, na ganda lake, na mikunjo yake yote. Na siku ya posa, Kwaku, nitauinua mkono huu mbele ya mama mkubwa wako, aione vizuri."