Ukungu kwenye Kilimia

Fulgensi, mwalimu wa fizikia pale Ifakara, alijiandaa kwa kila swali, akasahau kitoga. Alikwenda Michenga kumposa Agnella, na mama wa binti, Bi Domitila, mkunga mstaafu asiye na simile, alishatoa sharti: mwanamume wa kushinda na nyota athibitishe kwanza kwamba anajua anachokitazama. Akibabaisha, arudi kwao na bomba lake la darubini.

Kwa Bi Domitila mgeni haanzi shughuli kabla hajala. Wakala wali na kitoga, samaki aliyenona kwelikweli, na jamaa kwa kiherehere cha mapenzi akanawa maji matupu, mbio uani kufunga darubini. Sabuni ilikuwa pale pale, lakini nani aikumbuke?

“Shikamoo mama,” akaamkia mara ya pili kwa woga. “Kile pale ni Kilimia. Kwa macho ni kama ukungu, ila kwa darubini kundi la nyota hufumuka, ukaona nyota mojamoja. Nebula ni wingu la gesi na vumbi, yenyewe hubaki ukungu vilevile.”

Bi Domitila akainama, akafumba jicho moja. “Ukungu.”

Fulgensi akatazama. Lo, ukungu mtupu. Akajitia ujuzi. “Basi mama, leo tumegundua kwamba Kilimia ni nebula.”

“Kilimia hiki tulichokifuata kwa kulima tangu enzi za bibi yangu?” Akaligeuza bomba taratibu kuelekea kwenye taa ya mashine ya kukoboa mpunga ya jirani yao Sayi, akachungulia. “Na taa ya Sayi nayo ni nebula?”

Agnella akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Fulgensi alitamani ardhi impasukie. Akagusa kioo cha kuchungulia, kidole kikateleza. Akakinusa. Kitoga.

“Mama, nimekosea. Ni mafuta ya samaki, nimeyapaka mwenyewe. Kisha nikakudanganya nisiaibike.”

Akakisafisha kioo, na Kilimia kikafumuka, nyota za buluu mojamoja. Halafu akaielekeza darubini karibu na zile nyota tatu za mstari. Huko ukungu ulibaki ukungu, na katikati yake nyota chache kama vimulimuli. “Hii ndiyo nebula, mama. Humo nyota huzaliwa.”

Mkunga akaganda pale, wengine wakasubiri zamu mpaka wakachoka. Hatimaye akasema, jicho likiwa bado kwenye kioo:

“Agnella, kawaambie wajomba zako waje Jumapili. Huyu uongo haumkai hata kidogo. Utaishi naye kwa raha.”